Strima inalala ubavu badala ya kukaa ncha juu: kosa ni macho au singa?

MkonoWaBahari

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wale wanaofunga wenyewe flai zao za maji chumvi (chambo bandia cha singa au manyoya yanayofungwa kwenye ndoano kwa uzi).

Nafunga strima, yaani flai ndefu za kuiga samaki wadogo kama dagaa na watoto wa mkizi, kwa ajili ya kolekole na changu kwenye kingo za miamba. Chini ni matumbawe matupu, kwa hiyo ncha ya ndoano ikitazama chini inanasa kila mara. Nataka ikae juu, ipite juu ya jiwe bila kushika.

Ninachotumia: ndoano namba 1/0 ya chuma kisichoshika kutu, macho ya dambeli ya risasi (vitufe viwili vilivyounganishwa katikati) ya gramu 0.8, uzi wa nailoni wa deniya 140 (kipimo cha unene wa uzi), singa za mkia wa mbuzi (nyeupe tumboni, kijani mgongoni), na nyuzi za kung'aa kama 20 hivi.

Shida ni tatu. Ya kwanza, ikitua majini inalala ubavu, wakati mwingine ncha inakwenda chini kabisa. Ya pili, baada ya kurusha kwa muda macho yanaanza kuzunguka kwenye shina. Ya tatu, singa zinajisokota kwenye tao la ndoano.

Niongeze uzito tu, au kuna kingine ninachokosea?

---

Jiliwa

Mkuu, usikimbilie kuongeza uzito kabla hujajua huo ulionao umekaa upande gani, na umekaa umbali gani.

Tukubaliane majina kwanza. Shina ni pale palipo nyooka unapofungia, tao ni pale linapopinda, tundu ni pale unapopitisha tipeti, ule uzi mwembamba wa mwisho wa mshipi. Mgongo wa shina ni upande usiotazamana na ncha. Huo mgongo ndio utakaokuwa tumbo la samaki flai ikishapinduka majini, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa wakafunga rangi kinyume.

Ndoano tupu hukaa ncha chini kwa sababu tao na ncha vinaning'inia upande mmoja wa shina. Ili ipinduke, upande wa pili lazima uwe na uzito unaolishinda tao. Waya wa risasi uliozungushwa kwenye shina hauwezi kazi hiyo, maana umekaa sawasawa pande zote. Utazamisha flai, hautaipindua. Macho ya dambeli yakifungwa mgongoni yanapindua kwa sababu yako upande mmoja tu. Lakini angalia vipimo: kwenye 1/0 tao linafika milimita kumi hivi kutoka kwenye shina, wakati kitovu cha macho kiko milimita mbili tu juu ya shina. Tao lina mkono mrefu, macho yana mkono mfupi. Kwa hiyo gramu 0.8 kwenye 1/0 iko mpakani kabisa, na kitu chochote kidogo (singa zimezidi upande mmoja, tipeti ngumu, macho yamepinda) kinaangusha mizani. Ndiyo maana yako haikosei kila mara kwa namna moja. Mara ubavu, mara chini.

Kwa ndoano namba 4 na namba 2, ambazo ni ndogo kuliko 1/0, gramu 0.8 inatosha. Kwa 1/0 panda hadi gramu 1.2, macho yenye upana wa milimita 5 hivi. Kwa 2/0 yenye tao pana, gramu 1.6 hadi 1.8. Na ukiwa na chaguo la ndoano, epuka zile zenye uwazi mpana kupita kiasi: zinashika samaki vizuri, ila zinakataa kupinduka.

Mtindo unaoufunga, hata kama hukujua jina lake, ni ule wa Bob Clouser, aliyeubuni miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki aina ya besi wa mto Susquehanna kule Pennsylvania, Marekani. Siri yake ni uchache wa manyoya. Hakuna mwili mnene, hakuna kifua. Ukiitazama kwenye mwanga unatakiwa uone upande wa pili.

Sasa ufungaji, polepole.

Bana ndoano kwenye jiliwa kwa kawaida, ncha chini. Ponda kijino cha ncha kwa plaizi sasa hivi, usingoje mwisho. Ndoano ikivunjika hapa umepoteza ndoano tu, hujapoteza kazi. Pitisha msasa laini kwenye shina mara mbili tatu ili kuondoa ule utelezi wa chuma kilichong'arishwa. Anza uzi nyuma kidogo ya tundu, zungusha kwa mkazo na mizunguko igusane, hadi katikati ya shina, kisha rudi. Paka supagluu nyembamba sana juu ya kitanda hicho cha uzi. Hatua hii ndiyo dawa ya macho yanayozunguka: watu wengi wanatia gundi juu ya macho yakishafungwa, inakauka kwa nje, na chini mle uzi unabaki mkavu unateleza kwenye chuma.

Macho yakae theluthi ya shina kutoka kwenye tundu. Kwa 1/0 ni kama milimita 8. Ukiyasogeza mbele sana utakosa nafasi ya kufungia singa, na kichwa kitakuwa donge. Ukiyasogeza nyuma sana flai itaanguka bapa kama jani, haitainamisha kichwa ukisitisha kuvuta, na ule mwendo wa kupanda na kushuka ndio unaomvuta kolekole.

Namna ya kuyafunga: yaweke mgongoni yakiwa yamelala sambamba na shina, si ya kukingama. Yafunge kwa mizunguko 10 ya mshazari. Kisha yageuze kwa vidole hadi yakingame sawasawa. Unaposukuma, ule uzi wa kwanza unajikaza wenyewe. Sasa funga mizunguko 10 ya mshazari upande wa pili, halafu 10 tena upande wa kwanza, ikipishana kama herufi X. Mwisho, na hapa ndipo kazi inapokamilika, zungusha uzi mara 6 hadi 8 kwa ulalo, juu ya shina na chini ya macho, ukiikusanya ile X yote pamoja kama unavyokaza kamba ya mzigo kwa kuzungusha katikati. Vuta hadi karibu na kukatika kwa uzi. Deniya 140 inavumilia, ila 210 ni bora kwa 1/0.

Shika jicho moja kwa kidole na ujaribu kulizungusha. Likitikisika hata kidogo, fungua urudie. Halitajikaza baharini. Likiwa gumu, tone moja la supagluu, na utazame kutoka mbele, kupitia tundu: macho yote mawili lazima yawe kimo kimoja. Likiinama moja, flai italala upande huo kila siku.

Singa za tumbo: nyeupe, unene wa njiti ya kiberiti ukizibana kwa vidole. Si penseli. Njiti. Zifunge mbele ya macho, upande wa mgongo wa shina, mashina ya singa yakikatwa mshazari ili kichwa kichongoke. Zilaze katikati ya macho mawili, pitisha uzi nyuma ya macho, uzifunge hapo kwa mizunguko 5 au 6. Usiushushe uzi hadi kwenye tao. Mizunguko iishie usawa wa ncha. Rudisha uzi mbele.

Geuza ndoano kwenye jiliwa, ncha juu. Nyuzi za kung'aa 8 hadi 12, si 20. Zikizidi zinashikana zikilowa. Kisha singa za kijani, njiti moja ya kiberiti tena, mbele ya macho tu. Hizi hazifungwi nyuma ya macho. Zinaachwa huru zipite pande zote mbili za ncha, sawa kwa sawa. Urefu wote usizidi mara tatu ya shina. Fundo la kumalizia mizunguko 5, mara mbili, kisha vanishi ya kucha isiyo na rangi.

Kabla hujapeleka baharini, jaza ndoo maji. Ifunge flai kwenye sentimita 30 za tipeti ileile utakayotumia, iangushe ikiwa ubavu. Inatakiwa iwe imepinduka kabla ya kushuka kiasi cha kiganja. Ikikaa ncha chini kabisa, uzito ni mdogo. Ikilala kila mara upande uleule, macho yamepinda au singa zimezidi upande mmoja wa ncha. Ikibadilikabadilika, uko mpakani, na kipimo kidogo tu kitakutoa.

---

Singa

Nakubaliana na Jiliwa karibu kote. Nataka kuongeza kwenye singa za mbuzi, maana hapo ndipo shida yako ya tatu inatokea, na uzito hautaitibu.

Singa za mkia wa kulungu mweupe wa Marekani, ambazo mtindo huu ulibuniwa nazo, ni ngumu kiasi na zina uwazi ndani upande wa shina. Zinasimama zenyewe na zinaelea kidogo. Kuelea huko kunasaidia: zikiwa upande wa ncha zinavuta ncha kwenda juu wakati macho yanavuta tumbo kwenda chini. Singa za mbuzi hazina uwazi huo. Ni laini, zinalowa upesi, zinazama. Zina mwendo mzuri majini kuliko za kulungu, hilo sina ubishi nalo, lakini hazikusaidii kupindua, na ukisitisha mrusho nyuma zinajikunja kwenye tao.

Kwa hiyo ukitumia mbuzi fanya hivi. Punguza urefu: mara mbili ya shina, usifike mara tatu. Sehemu inayozidi tao ndiyo inayojisokota. Pili, weka kishikizo. Kabla ya singa za kijani, funga kitita kidogo cha singa fupi na ngumu, nusu ya njiti ya kiberiti, za mkia wa ndama au za ng'ombe mzima, zifike kwenye ncha tu. Zinasimama kama uzio kati ya tao na singa laini.

Kuzichagua: mkia wa beberu una singa ndefu na ngumu zaidi kuliko wa mwanambuzi. Chukua za juu ya mkia, acha za upande wa chini ambazo huwa zimeungua kwa mkojo na kukatika ovyo. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo hadi mafuta yaishe. Ukizishika zikikauka na bado zinateleza mkononi, rudia, kwa sababu supagluu haishiki kwenye mafuta na singa zitachomoka moja moja kila samaki akiuma. Kabla ya kufunga, shika kitita kwenye ncha zake na upitishe kitana kwenye mashina ili kutoa manyoya mafupi ya ndani. Ukishangaa kwa nini kichwa kinavimba wakati singa ni chache, ni hayo manyoya ya ndani yanakula nafasi. Na usizisawazishe ncha kwa kugonga mezani. Ncha zikiwa sawa flai inakuwa kama brashi ya rangi. Zikipishana inachongoka kama mkia wa samaki.

Rangi: rangi ya chakula ya unga inashika vizuri kwenye singa nyeupe ukitia siki. Lita moja ya maji moto yasiyochemka, vijiko vikubwa vitatu vya siki, singa zilizokwisha kulowa, dakika 20 hadi 30 huku ukikoroga. Zikipanda kuchemka zinajikunja na kukatika. Kijani cha duka ni kikali mno kwa dagaa; tia rangi ya njano na nyekundu kidogo sana hadi ifanane na maji ya kahawia yaliyochanganyika na majani.

Jambo moja zito: msidanganywe na mtu anayeuza mikia ya swala au wanyama wengine wa porini. Kenya na Tanzania zote mbili, kukutwa na sehemu ya mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Mbuzi, ng'ombe na jogoo wanatosha kwa kila flai inayohitajika pwani hii.

---

MkonoWaBahari

Asanteni sana wakuu, hii ni shule kamili. Nimefunga mbili kwa maelezo ya Jiliwa, macho ya gramu 1.2, na kishikizo cha singa za ndama kama alivyosema Singa. Kwenye ndoo inapinduka vizuri, kabla haijashuka kiganja. Macho hayasogei hata nikitumia plaizi.

Lakini kuna kitu kimoja. Nikiivuta kwa kasi kwenye beseni refu, inaanza vizuri kisha inaegemea ubavu. Nikisitisha inajirekebisha. Tipeti ni ya milimita 0.45, fundo la kawaida la kukaza kwenye tundu.

---

Jiliwa

Umejibu mwenyewe mstari wa mwisho. Tipeti ya 0.45 ni ngumu, na fundo lililokazwa kwenye tundu linaifanya iwe kama kipande cha waya kilichochomelewa kwenye kichwa. Fundo likikaa upande mmoja wa tundu, linaishikilia flai kwa pembe hiyo, na kadiri unavyovuta kwa kasi ndivyo linavyoshinda macho. Ukisitisha mkazo unaisha, macho yanafanya kazi yake.

Tumia fundo la kitanzi kisichojikaza. Funga fundo wazi la kawaida kwenye tipeti, sentimita 12 kutoka mwisho, usilikaze. Pitisha ncha ya tipeti kwenye tundu, uirudishe ndani ya lile fundo wazi kwa upande uleule ilikotokea. Zungusha ncha kwenye tipeti kuu mara 4 (kwa 0.35 mara 5), kisha irudishe tena ndani ya fundo wazi, upande uleule. Lowesha kwa mate, vuta ncha polepole hadi mizunguko ilale, ndipo uvute tipeti kuu. Kitanzi kiwe kidogo, milimita 5 hadi 8. Kikizidi kinanasa singa.

Kosa linalorudiwa ni kuipitisha ncha upande usio wake. Ukikosea hapo fundo linaonekana zuri tu, ila linakaa vibaya na linakatika kwa mkazo mdogo. Litazame kwa karibu: ncha fupi inatakiwa itazame kuelekea kwenye flai, isielekee kwenye ufito wa kuvulia.

Kama kuna mzia au nguru, samaki wa meno makali, mahali hapo, utahitaji waya. Kipande cha sentimita 15 kinatosha, na nacho kifungwe kwa kitanzi. Waya uliokazwa kwenye tundu ni mbaya kuliko tipeti.

Kama bado inaegemea baada ya fundo, una dawa ndogo ya mwisho: waya wa risasi wa milimita 1, vipande viwili vya milimita 12, ulaze kwa urefu mgongoni mwa shina, nyuma ya macho, chini ya singa za tumbo. Kila kipande ni kama gramu 0.1. Hauzungushwi. Unalazwa na kufungwa kama mkuku wa jahazi.

---

MajiKupwa

Mimi nina hoja tofauti kidogo. Mnachokisema ni sawa kabisa kwenye ukingo wa mwamba, maji ya mita mbili tatu. Lakini mtu akipeleka macho ya gramu 1.2 kwenye uwanda wa majani ya bahari wakati maji yanaanza kujaa, kina kikiwa cha magotini, kishindo cha kutua kinawatimua samaki wote. Na flai inazama moja kwa moja ndani ya majani kabla hujaanza kuvuta.

Huko punguza kila kitu. Ndoano namba 4 au 6. Macho ya mnyororo wa shanga za chuma, ule mwembamba unaotumika kwenye vishikio vya funguo na vizibo vya masinki. Kata shanga mbili mbili kwa plaizi kali, shanga za milimita 4 kwa namba 4, za 3 kwa namba 6. Shanga hizo zina uwazi ndani, ni nyepesi, zinatua kimya. Zinapindua ndoano ndogo bila tatizo. Kwa 1/0 usitegemee, hazina nguvu hiyo. Hakikisha mnyororo ni wa chuma kisichoshika kutu. Ule wa kupakwa rangi ya fedha unakuwa na kutu ndani ya siku chache za maji chumvi.

Kwenye maji haya mafupi usiige dagaa. Iga uduvi na kamba wadogo: rangi ya mchanga, waridi iliyopauka, nyuzi za kung'aa 4 tu, urefu mara moja na nusu ya shina.

Na ncha kukaa juu peke yake haitoshi kwenye majani, maana majani yanasimama wima na yanaingia kwenye uwazi wa ndoano kutoka mbele. Weka kinga. Chukua uzi mgumu wa nailoni wa milimita 0.45, ukunje katikati kama herufi V, uufunge kichwani upande wa ncha kabla ya fundo la kumalizia, miguu miwili ikiinama nyuma kwa pembe ya digrii 45 hivi. Kata kila mguu uzidi ncha kwa milimita 1 au 2. Ukiukata mfupi kuliko ncha hauna kazi. Ukiuacha mrefu sana samaki anasukumwa nje. Bonyeza kwa kidole: lazima ulale kwa mguso mwepesi.

Jingine linalohusu ncha juu lakini halisemwi sana ni namna ya kukaza samaki akiuma. Usiinue ufito. Ncha iko juu, ukiinua unaiondoa flai mdomoni na kuitoa nje ya maji. Vuta mshipi kwa mkono kwa mstari mnyoofu, ufito ukielekezwa chini kwa samaki, hadi usikie uzito, ndipo uinue. Ncha inaingia kwenye taya la juu au pembeni mwa mdomo, na ukikosa flai inabaki mbele yake aume tena.

---

MtoBaridi

Kwa wanaovua maji baridi ya milimani, kanuni ni ileile ila vifaa vingine. Kwenye mito ya milima ya Nyandarua, Kenya, kama Gura, ambako samaki aina ya trauti walipandikizwa mwaka 1905, chini kumejaa mawe ya duara na magogo, kwa hiyo ncha juu ina faida hiyohiyo. Ila hamhitaji dambeli. Tumieni ndoano ya jigi namba 8 au 10, ile ambayo tundu lake limepindwa digrii 60 kuelekea upande wa ncha, pamoja na shanga ya tungsteni yenye mpasuo, milimita 3.5 hadi 4. Mpasuo unaingia kwenye kona ya tundu ukitazama upande wa ncha, na sehemu kubwa ya shanga inabaki mgongoni mwa shina. Tungsteni ni nzito kuliko risasi karibu mara 1.7 kwa ukubwa uleule, kwa hiyo shanga ndogo inatosha.

Ukiiweka shanga kinyume, mpasuo ukitazama mgongoni, umehamishia uzito upande wa ncha na flai itakataa kupinduka. Kosa hilo halionekani ukishafunga, kwa hiyo liangalie mapema. Zuia shanga isicheze kwa kuzungusha uzi mnene nyuma yake kabla ya kuanza mkia. Mkia ni yale manyoya laini ya paja la kuku mweupe au mweusi, urefu wa shina moja, na mwili mwembamba wa sufu. Singa za mbuzi kwa ukubwa huu ni nene mno.

Na onyo kwa wote wanaorusha macho mazito, bahari au mto: mshipi wenye gramu 1.2 mbele yake hauruki kama mshipi mtupu. Fungua mwendo wa mrusho, usubiri mshipi unyooke nyuma kabisa, ndipo usukume mbele. Ukiuharakisha, flai inashuka na kupita usawa wa kisogo. Kofia na miwani ni vifaa vya lazima. Ufito namba 8 (namba ikipanda, ufito unabeba mshipi mzito zaidi) unabeba gramu 1.2 bila shida. Ukipanda hadi 1.8, nenda namba 9 au 10.

---

MkonoWaBahari

Fundo la kitanzi limemaliza kazi. Naivuta kwa kasi yoyote, tumbo chini, ncha juu. Sijahitaji waya wa risasi.

Swali la mwisho: macho ya risasi yamepauka, nayapaka nini yasichubuke kwenye mwamba? Na supagluu kichwani inapasuka pasuka.

---

Singa

Supagluu ni ngumu lakini haipendi kugongwa, ndiyo maana inapasuka. Iache ndani, kwenye kitanda cha uzi na chini ya macho, ambako haigongwi. Kichwa kifunikwe kwa gundi ya sehemu mbili, ile unayochanganya nusu kwa nusu, au resini ya UV, inayogandishwa kwa mwanga wa taa, kama unayo na taa yake. Kiasi cha kichwa cha kijiti cha meno kinatosha. Uizungushe flai polepole hadi ianze kuganda, la sivyo inakusanyika upande mmoja, na donge la gundi upande wa ncha nalo ni uzito.

Macho: yasugue kwa msasa laini, yafute kwa spiriti, paka rangi ya mafuta nyeupe au njano, siku inayofuata weka mboni nyeusi kwa kichwa cha msumari mdogo uliochovya rangi. Ikauke saa 24 nzima, ndipo uifunike kwa gundi ileile ya kichwa. Ukiifunika mapema rangi inavimba na kubanduka kama ganda. Msasa wa risasi fanyia nje, juu ya gazeti lililoloweshwa, na unawe mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula. Kama kuna watoto nyumbani, nunua macho ya shaba nyeupe. Ni mepesi kuliko risasi kwa karibu robo, kwa hiyo panda saizi moja.